Kukimbia Marathoni ya Milima kwa Juhudi Moja: Mwongozo kwa Anayejiandaa na Kilimanjaro

Kila mwaka unapoanza, wanaojiandaa na Kilimanjaro Marathon, mbio za mjini Moshi, huuliza jambo lile lile kwa sura mbalimbali. "Mlima wa Mweka niukimbie kwa kasi gani?" "Saa inaniambia nimeshuka hadi dakika 6 na nusu kwa kilomita, niongeze?" "Muda nitakaoupoteza kupanda nitaufidia wapi?" Nimeona niyajibu mahali pamoja, tena kwa hatua, ili hata anayekimbia kilomita 42 kwa mara ya kwanza aanze kuyafanyia kazi mazoezini wiki hii hii.

Jibu fupi ni hili: kwenye njia ya milima usishikilie kasi, shikilia juhudi. Kasi iache ishuke ukipanda na iongezeke ukiteremka. Kinachotakiwa kubaki kilekile ni uzito wa kazi unaousikia mwilini, hasa kwenye pumzi. Pumzi iamue, saa irekodi.

Nadharia yake ni ndogo. Mlima unakula nguvu nyingi kuliko mteremko unavyozirudisha. Ukilazimisha kasi ya tambarare huku unapanda, misuli inachoma wanga wake upesi, na akiba ya wanga mwilini ni ndogo. Jeli (vipakti vya sukari nzito vya wakimbiaji) na soda za njiani haziwezi kuijaza upya ukiwa unakimbia. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda vizuri, akashangiliwa na watu wa pembeni mwa barabara, kisha akatembea kilomita 7 za mwisho ambazo ni mteremko mtupu.

Njia ya Moshi ndiyo nitakayoitumia kama mfano, kwa sababu inaadhibu kosa hili kuliko njia nyingi. Nusu ya kwanza ya marathoni kamili inapita mjini na kwenye barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam, sehemu ambazo hazina mlima wa kutisha. Kisha unarudi mjini na kuanza kupanda kuelekea Mweka, katikati ya mashamba ya migomba na kahawa. Unageuka karibu na kilomita ya 32, halafu unateremka hadi mwisho. Unaondoka kwenye mwinuko wa mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari na kufika zaidi ya mita 1,100. Kwa hiyo mlima wenyewe unakukuta nusu ya mbio ikiwa tayari miguuni, jua limeshapanda, na ni mwisho wa Februari, msimu wa joto. Waandaaji huweza kubadilisha njia, hivyo ramani ya mwaka wako ndiyo ya kuaminika kuliko simulizi za waliokimbia zamani, zangu zikiwemo.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Muda wako wa kweli wa nusu marathoni wa miezi mitatu iliyopita. Ule wa miaka miwili nyuma hauna kazi hapa.
- Ramani ya njia inayoonyesha mwinuko kwa kila kilomita.
- Mlima wa mazoezi wenye urefu wa kilomita moja au zaidi, usio mkali sana. Wa Moshi mna barabara ya Mweka yenyewe. Wa Dar es Salaam nendeni Pugu na Kisarawe, wa Morogoro jaribuni njia ya Morningside. Wa Nairobi mnayo Ngong.
- Saa yoyote yenye kitufe cha kuhesabu vipande. Saa ya GPS inasaidia, lakini ya kawaida inatosha.
- Viatu ulivyokwisha kuvizoea, na wiki zisizopungua 8 za mazoezi mbele yako.

Mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo ni wa hiari. Ukiwa nao ni vizuri, ukiukosa hujapungukiwa na kitu cha lazima.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta kasi yako ya tambarare. Chukua muda wako wa nusu marathoni, uzidishe mara mbili, kisha ongeza dakika 10 hadi 15. Aliyekimbia nusu kwa saa 1 na dakika 50 anapata takribani saa 3 na dakika 50 au 55, yaani karibu dakika 5 na sekunde 30 kwa kilomita. Hiyo ni kasi ya siku ya baridi kwenye barabara iliyonyooka. Kwa joto la Moshi ongeza sekunde 10 kwa kila kilomita, hasa kama umezoea kufanya mazoezi alfajiri tu. Mtu wetu wa mfano sasa ana 5:40. Wengi huona hizo sekunde 10 kuwa ni woga. Waulize tena wakifika kilomita ya 35.

2. Jifunze kuisoma juhudi hiyo mwilini. Kimbia kilomita 8 tambarare kwa kasi uliyoipata, bila muziki masikioni. Sikiliza. Unavuta pumzi kwa hatua ngapi na kuitoa kwa ngapi? Wengi kwenye juhudi ya marathoni huvuta kwa hatua tatu na kutoa kwa hatua tatu, au tatu kwa mbili. Sema sentensi kamili kwa sauti. Ukiweza kuimaliza bila kukata katikati, ingawa hutamani kuendelea na maongezi, upo mahali pake. Ukiweza kusimulia hadithi ndefu, uko chini ya kiwango. Ukitoa maneno mawili na kuhema, umepita. Rudia zoezi hili kila wiki mpaka uweze kuificha saa ndani ya mkono wa fulana na bado ukisie kasi yako kwa tofauti isiyozidi sekunde 5.

   Usiruke hatua hii. Nyingine zote zimesimama juu yake, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu haichoshi na haina cha kuonyesha watu.

3. Ipeleke juhudi hiyo mlimani. Pasha mwili kwa kilomita 3, kisha panda mlima wako wa mazoezi ukiwa na pumzi ileile ya tambarare. Saa usiitazame hadi ufike juu. Mara ya kwanza utaona kama unatambaa. Ni sawa. Andika kasi uliyoipata. Teremka kwa pumzi ileile, andika tena. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku moja. Kama safari ya nne ya kupanda imekuwa ya polepole kwa zaidi ya sekunde 15 kuliko ya kwanza, basi ile ya kwanza uliipanda kwa nguvu mno, hata kama hukuhisi.

   Kuna kipimo cha makadirio ambacho makocha wengi hukitumia: kila asilimia moja ya mwinuko, yaani mita moja ya kwenda juu kwa kila mita 100 za mbele, hula sekunde 8 hadi 10 kwa kilomita. Ukiteremka, asilimia hiyohiyo hukurudishia sekunde 5 hivi tu. Namba zako za mlimani zikitofautiana na hizi, amini zako.

4. Igawe njia vipande, kila kipande na muda wake. Mlima wa kuelekea Mweka unapanda takribani mita 300 ndani ya kilomita 10, wastani wa asilimia 3. Mkimbiaji wetu wa 5:40 atapanda kwa 6:05 hadi 6:10 na kuteremka kwa 5:25 hivi. Jumlisha: kilomita 22 za mwanzo kwa 5:40, kilomita 10 za kupanda kwa 6:08, na 10 za kuteremka kwa 5:25. Jumla ni muda wa saa 4 na dakika moja. Angepanga 5:40 mwanzo hadi mwisho kama vile hakuna mlima, angetarajia kufika chini ya saa 4, na hesabu hiyo ingemtia wasiwasi tangu kilomita ya 25 na kumfanya afukuze muda ambao njia haikumpa.

   Kumbuka asilimia 3 ni wastani. Ndani yake kuna sehemu za 5 na 6 ambako kasi itashuka kuliko hapo, na sehemu za kupumua ambako itapanda yenyewe. Kwa hiyo muda wa kila kilomita ukiwa mlimani usiuhesabu. Andika muda wa vipande vikubwa tu: ukiingia mlimani, ukigeuka, ukimaliza. Uandike kwa kalamu mkononi au kwenye karatasi iliyofunikwa nailoni, maana jasho la Moshi linafuta.

5. Kilomita 5 za mwanzo, jizuie kwa makusudi. Mbio zinaanza alfajiri, kuna ubaridi kidogo, ngoma zinapigwa, miguu imepumzika. Juhudi ya kweli siku hiyo utaihisi kama mzaha. Kimbia polepole kuliko 5:40 kwa sekunde 10 hivi, waache watu wakupite. Hizo ni sekunde 50 tu kwa jumla, na huhitaji kuzitafuta baadaye.

   Boston, kule Marekani, ndiko somo hili linakoonekana wazi. Njia yake inateremka tangu mwanzo kutoka Hopkinton, na vilima vya Newton vinakuja baada ya kilomita ya 25, mkimbiaji akiwa ameshalewa mteremko. Juma Ikangaa wetu, mmoja wa wakimbiaji hodari kuliko wote waliowahi kutoka Tanzania, alishika nafasi ya pili huko miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mwaka ule wa 1990 alitoka kwa kasi ya kutisha, na Gelindo Bordin wa Italia, aliyejizuia mwanzoni, akaja kutoka nyuma akashinda kwa saa 2:08:19. Kama mwanzo wa haraka kwenye njia ya vilima ulimgharimu mtu wa uwezo wa Ikangaa, mimi na wewe hatuna ubishi wa kuuleta.

6. Kula na kunywa kabla ya mlima, si juu yake. Tumbo halipendi kazi ukiwa unapanda na kuhema. Chukua jeli, ndizi au chochote ulichokizoea mazoezini ukiwa umebakiza kilomita moja au mbili kuanza kupanda, na maji yake palepale. Mlimani kunywa mafunda madogo kwenye kila kituo na ujimwagie maji kichwani na shingoni. Usijaribu kinywaji kipya siku ya mbio, hata ukipewa bure.

7. Panda. Fupisha hatua, lakini usipunguze wingi wake. Miguu iendelee kugusa chini kwa mdundo uleule. Tazama mita 10 au 15 mbele, usitazame kileleni wala vidole vya miguu. Mwili uinamie mlima kuanzia kwenye vifundo, si kwa kukunja kiuno, maana ukikunja kiuno unabana mapafu. Mikono ichezeshe karibu na mwili. Kisha rudi kwenye pumzi: tatu kwa tatu, au tatu kwa mbili. Ikifika mbili kwa mbili, vumilia kidogo kama sehemu kali ni fupi. Ikifika moja kwa moja, punguza mara hiyohiyo. Ukipunguza na bado haishuki, tembea sekunde 30 kwa hatua za haraka kisha uanze tena. Kutembea kidogo kwa hiari yako kwenye kilomita ya 29 ni uamuzi wa mkimbiaji anayejua anachofanya.

   Kuna watu watakupita hapa. Wengine wako kwenye nusu marathoni na hawana kilomita 20 miguuni kama wewe. Hujui mbio za mwenzako, kwa hiyo usizifuate.

8. Ukigeuka juu, subiri. Kosa linalofanana na ushindi ni kuruka mbele mara tu barabara inapoanza kuinama. Moyo bado unapiga kwa nguvu za mlima. Kimbia mita 200 za kwanza ukirudisha pumzi kwenye mpangilio wake, ndipo uiache kasi ije.

9. Teremka bila kufunga breki. Ukirudisha mwili nyuma na kutua kwa kisigino mbali mbele yako, kila hatua ni breki, na breki hiyo inaliwa na misuli ya mbele ya mapaja. Inama mbele kidogo, hatua fupi na nyepesi, magoti yakunjike kidogo wakati wa kutua, mikono unaweza kuitanua kwa ajili ya mizani. Pumzi itakudanganya hapa: itakuwa rahisi kuliko tambarare, na utashawishika kuongeza hadi 5:00. Usiongeze. Mteremkoni kinachogoma kwanza ni mapaja, siyo mapafu, kwa hiyo kilomita 5 za mwanzo za kushuka kimbia chini kidogo ya juhudi yako ya kawaida. Zikibaki 4 au 5 na miguu bado inakuitikia, toa ulichonacho.

   Mapaja yanafundishika. Kila wiki, kuanzia wiki ya nane kabla ya mbio, weka zoezi moja la kuteremka: kilomita 2 mwanzoni, ongeza polepole hadi 5 au 6, baada ya kuwa umekwisha kukimbia umbali wa kutosha. Siku mbili za kwanza utashuka ngazi kwa shida. Baada ya wiki chache maumivu hayo hupungua sana. Acha zoezi hili siku 10 hadi 14 kabla ya mbio.

Makosa yanayorudiwa kila mwaka

Kutazama kasi ya papo hapo kwenye saa ya GPS ukiwa mlimani. Namba ile inaruka na inachelewa, hasa chini ya miti na kwenye kona, na mara nyingi inakuonyesha ulichofanya sekunde kadhaa zilizopita. Weka saa ionyeshe muda uliopita tu.

Kuyafuata mapigo ya moyo kama amri. Joto na upungufu wa maji huyapandisha polepole hata kama juhudi haijabadilika. Mapigo 150 ya kilomita ya 8 na 160 ya kilomita ya 30 yanaweza kuwa kazi ileile. Yatumie kujizuia mwanzoni. Baada ya nusu ya mbio, pumzi na miguu vina habari mpya zaidi.

Kufidia. Hili ndilo baya kuliko yote. Mtu anafika juu amechelewa dakika 3 kuliko alivyoandika, anaamua kuzirudisha ndani ya kilomita 4 za kwanza za mteremko, na mapaja yanakufa zikiwa zimebaki kilomita 6. Muda uliopotea umepotea. Panga upya kuanzia pale ulipo.

Kufanya mazoezi yote tambarare kisha kuamini kwamba nia itapanda mlima. Wakazi wa Dar na Mombasa mna kazi ya ziada hapa: kama Pugu ni mbali, rudieni daraja la karibu mara nyingi, au ngazi za jengo refu. Si sawa na mlima wa kilomita 10, lakini ni bora kuliko kutokuwa na chochote.

Mambo yakiharibika njiani

*Pumzi imenishinda kabla hata sijafika mlimani.* Ulianza kwa haraka au joto limekuzidi. Punguza kasi kwa sekunde 20 kwa kilomita mara moja, jimwagie maji, na tembea kupitia vituo viwili vinavyofuata huku unakunywa. Mara nyingi pumzi hurudi ndani ya kilomita 2 au 3. Isiporudi, sahau muda uliouandika na ukimbilie kumaliza tu.

*Kichomi ubavuni.* Punguza mwendo, toa pumzi yote kwa nguvu kwa midomo iliyobanwa, bonyeza mahali panapouma na uinamie upande huo kwa hatua chache. Kama hupata kichomi mara kwa mara, angalia ulikunywa kiasi gani kwa mkupuo mmoja.

*Mashavu ya miguu yanakaza nikipanda.* Unapanda kwa vidole. Shusha kisigino kiguse chini, fupisha hatua zaidi. Yakianza kukakamaa kabisa, simama, yanyooshe taratibu, tembea mita 100 kabla ya kujaribu tena.

*Mapaja yanatetemeka mteremkoni.* Badilishana: dakika 3 za kukimbia kwa hatua ndogo sana, sekunde 30 za kutembea. Usisimame kwa muda mrefu, kwani kuanza tena ni kugumu kuliko kuendelea.

*Saa imezima.* Hujapoteza kitu kikubwa kama hatua ya pili uliifanya. Endelea kwa pumzi.

*Nakunywa sana lakini bado najisikia vibaya, tumbo limejaa, kichwa kinauma.* Acha kunywa maji matupu. Maji kupita kiasi hushusha chumvi ya damu, na hilo ni hatari sawa na kuyakosa. Nenda kwa wahudumu wa afya ueleze umekunywa kiasi gani.

*Kizunguzungu, baridi kwenye jua kali, kuchanganyikiwa, kuyumba.* Simama. Kaa kivulini, mwite mtu wa huduma ya kwanza au mkimbiaji mwenzako, upozwe kwa maji mwili mzima. Usijaribu kumaliza hata kama zimebaki kilomita 2. Na ukimwona mwenzako katika hali hiyo, simama naye hadi msaada ufike.

*Nimemaliza, lakini mteremko ulikuwa wa polepole kuliko mlima.* Linganisha muda wa vipande vitatu ulivyoandika. Kama kipande cha kwanza ndicho pekee kilichokuwa cha haraka kuliko mpango, tatizo lilikuwa pale; rudi hatua ya pili na ya tano. Kama cha kwanza na cha pili vilikaa sawa na cha tatu kikaanguka, pumzi yako inajua kazi yake na mapaja ndiyo hayakuandaliwa, hivyo msimu ujao anza mazoezi ya kuteremka mapema zaidi.